Barasa Alivyoshindwa na Barabara Mara Mbili

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya theta, kwanza toeni hiyo sura ya matanga. Mtu aliyevunjika uso hana kioo. Kioo chake ni uso wako wewe unayemsukuma kwenye kitanda. Ukimwangalia kama unayesoma jina lake kwenye jeneza, atajua amekwisha. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na kitu, na taya zilizovunjika nilizoziona ni nyingi kuliko mahindi ya Trans-Nzoia mwaka wa mvua nzuri. Sawa, nimeongeza kidogo. Toeni nusu. Bado ni nyingi.

Mimi niliingia hospitali yetu ya Kitale na fagio, si na cheti. Nilikuwa nikideki theta, yaani chumba cha upasuaji, na kufua yale mashuka ya kijani. Jioni nikitoka nilikwenda ngumbaru, shule ya watu wazima, nikakaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu, mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne wakati mtoto wangu mwenyewe yuko kidato cha pili. Nyumbani tuligombania kalamu moja. Baada ya hapo nikasomea usaidizi wa theta. Wenzangu wakaniita Profesa kwa kejeli, na mimi nikalipokea jina bila kejeli. Mpaka leo, hapa kwetu Kanduyi, kando ya mji wa Bungoma, ninakostaafia, vijana wakipita na kusema "Niaje Prof," naitika kwa sauti nzito kama ya mtu mwenye ofisi.

Aliyenifundisha uso ni Sista Wanjiru. Alikuwa mkuu wa theta, mtoto wa wakulima waliotoka Nyeri wakaja kukaa Trans-Nzoia kabla hajazaliwa. Kimo chake kilinifikia kifuani, na bado nilikuwa namwona mrefu. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe, uso sio goti. Goti likipona vibaya mtu anavaa suruali. Uso utauvalisha nini?"

Nilidhani nimeelewa. Wiki hiyo hiyo akaja mfanyabiashara wa mahindi kutoka Suam mpakani, mlango wa lori umempasua juu ya jicho. Daktari akasema, "Tayarisha kidonda." Mimi kwa bidii yangu nikachukua wembe nikanyoa nyusi yote, nikapangusa, pakang'aa kama sahani ya mgeni. Nikasimama kando nikingoja kusifiwa.

Sista akaingia. "Nyusi iko wapi?"

"Nimeitoa, Sista. Ilikuwa inaziba."

"Umeitoa! Sasa daktari atajua juu na chini vinakutana wapi? Si umeng'oa bikoni ya shamba, bana!"

Na kweli, pande mbili za nyusi ndizo bikoni, yale mawe ya mpaka. Ukiziona, unajua ngozi ipi ilikuwa jirani ya ipi. Daktari alishona kwa kukisia. Nyusi ilipoota, nusu ya nje ilikuwa imepanda ngazi. Yule bwana tangu siku hiyo ukimwambia hata chai iko tayari, nyusi moja inauliza, "Ati nini?" Nasikia kule mpakani alisumbuliwa sana, maana kila afisa alidhani anabishiwa. Basi, vijana, nyusi hainyolewi. Na mdomo ukipasuka, uzi wa kwanza uwekwe pale wekundu unapokutana na ngozi, kabla ya mahali pengine popote. Ukikosea hapo kwa upana wa punje ya mtama, huyo mtu atatembea na mdomo wenye kona mpaka kaburini.

Jambo la pili Sista alinifundisha ni kwamba mgonjwa hufanya ulichosema, si ulichotaka kusema. Kuna siku mwalimu mmoja wa Cheptais alipiga simu, mwanafunzi ameng'oka jino la mbele, zima na mzizi wake. Nikamwambia, kama kitabu kinavyosema, "Usilisugue. Litie kwenye maziwa mlilete haraka." Wakaja mbio. Nikafungua chupa. Jino jeusi! Walikuwa wamelitia kwenye mursik, maziwa yale ya kibuyu yaliyogandishwa na mkaa. Hakuna aliyekosea. Maziwa ya nyumbani kwao ndiyo hayo, na hata ni bora kuliko haya ya dukani. Mimi ndiye sikusema maziwa gani. Jino lilisuuzwa, likarudishwa, likakaa mwaka mmoja, kisha likaondoka lenyewe kama mpangaji.

Lakini hayo ni ya kupasha moto. Nilichokaa kuwaandikia ni habari ya Barasa.

Barasa alikuwa emsii, mwongoza sherehe. Kwa harusi, kwa mazishi, kwa mnada wa kuku kanisani siku ya mavuno, kote Bungoma watu walikuwa hawaanzi kabla hajafika. Siku moja alikuwa anatoka kazini kwa bodaboda, amepakata spika yake kubwa kama mtoto. Karibu na uwanja wa Kanduyi, dereva akakwepa ng'ombe. Barabara ikawatupa. Barasa alianguka chini, na spika ikaanguka juu ya Barasa. Kitu kilichomlisha miaka yote ndicho kilichomvunja taya, mahali pawili, na meno yake mwenyewe yakampasua chini ya ulimi.

Walimleta kwetu Kitale kwa sababu daktari wa upasuaji wa mdomo na uso alikuwa kwetu. Alifika amekaa, ameinama mbele, damu inadondoka kwenye beseni, na hilo lilimwokoa. Mkewe, Nasimiyu, ndiye aliyekataa wasimlaze chali. Alisema, "Kuku ukimchinja humshiki kichwa juu." Hakusoma chuo chochote, lakini alijua damu ikipata njia ya kwenda kooni itaifuata. Nyinyi muandike hilo.

Daktari mwenyewe alikuwa mgeni, mwezi wake wa kwanza. Daktari Shee, mtu wa Lamu. Mikono yake ilikuwa myepesi, ungedhani anadarizi kofia. Na Kiswahili chake! Kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa akisema "tafadhali nipatie mkasi" na mimi nasahau mkasi, nabaki nasikiliza. Alimshona Barasa chini ya ulimi, akaunganisha taya, akafunga meno ya juu na ya chini kwa waya yasiachane. Siku hizi nyinyi mna vibati na skrubu ndogo kama za miwani, mgonjwa anaamka akiuliza chapati. Wakati huo vibati kwetu vilikuwa vya kuhadithiwa. Mtu alifungwa waya wiki sita, akaishi kwa mrija.

Nasimiyu nilimfunza mimi mwenyewe. Uji wa wimbi uchujwe kwa kitambaa safi, mara mbili. Parachichi lipondwe na maziwa mpaka litiririke. Apewe kidogo kidogo mara nyingi, kwa maana mrija unachosha. Asukutue kwa maji ya chumvi kila akimaliza, na mswaki uwe wa mtoto mdogo. Halafu nikamwonyesha koleo ndogo ya kukata waya, inayoning'inia kichwani pa kitanda. "Mama, akianza kutapika na mdomo umefungwa, matapishi yatarudi mapafuni. Hapo usiite mtu. Kata hapa, hapa na hapa."

Yule mama akaitungia koleo uzi, akaivaa shingoni. Wiki sita! Aliivaa kanisani, aliivaa sokoni. Barasa akikohoa tu, Nasimiyu yuko juu ya kitanda koleo imefunguka. Mara mbili nilimshika mkono.

Sasa shikeni jambo hili, maana mambo yote yametoka hapo. Hakuna mtu hata mmoja pale hospitali aliyewahi kusikia sauti ya Barasa. Alikuja mdomo umejaa damu, akafungwa waya, akanyamaza wiki sita. Alikuwa akiandika kwenye daftari, na hata kwa daftari alikuwa emsii. Dawa zikiletwa anainua ukurasa: "WAPENDWA, TUMPIGIE SISTA MAKOFI." Wodi nzima ilimpenda mtu ambaye hatukujua anasikika namna gani.

Siku ya kutoa waya ikafika. Taya ilikuwa imeshika vizuri, meno yanakutana. Lakini mdomo uliokaa wiki sita bila kufunguka hukauka kama bawaba za mlango wa ghala. Mdomo mzima hupitisha vidole vitatu vya mwenyewe, kimoja juu ya kingine. Wa Barasa ulipitisha kimoja, tena kwa machozi.

Daktari Shee akavuta kiti. "Haya, bwana. Jina lako nani?"

"Balasa."

Daktari akaangalia faili. "Barasa."

"Ndiyo. Balasa."

Daktari akakohoa kidogo. "Hebu sema pamoja nami. Lori la Rajabu limelala barabarani."

Barasa akavuta pumzi ya wiki sita. "Rori ra Lajabu rimerara balabalani."

Daktari alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ya mama yake ikivunjika.

"Sema tena. Barabara."

"Balabala."

Akanigeukia mimi, kwa huzuni. "Profesa, unasikia?"

Na mimi, kwa kuwa daktari alikuwa na huzuni, nikatia huzuni pia. Nikatikisa kichwa nikasema, "Nasikia, daktari." Nilikuwa nasikia nini? Nilikuwa nasikia lori limelala barabarani! Hiyo rori daktari ndiye aliyeniandikia baadaye. Nilidhani anaongelea ile sauti, ilivyopungua nguvu.

Akamuuliza Nasimiyu, "Mama, hivi ndivyo alivyokuwa akizungumza kabla ya ajali?"

"Hapana, daktari," akasema Nasimiyu, koleo shingoni. "Huyu alikuwa akisema neno akiwa Kanduyi, watu wanaitika Bungoma mjini."

Basi, kesi ikaisha. Shahidi wa kwanza mimi, shahidi wa pili mke. Daktari akamwambia Barasa atoe ulimi. Barasa akajaribu. Ulimi ukafika kwenye meno ukasimama. Daktari akaeleza kwa upole: kidonda cha chini ya ulimi kimepona na kovu gumu, kovu limeuvuta ulimi na kuufunga chini, ndiyo maana ncha haiinuki kutamka R. Inabidi kurudi theta kulikata kovu kabla halijakomaa. Alhamisi asubuhi.

Siku mbili hizo Barasa hakusema neno. Alirudia daftari lake, na halikuwa na vituko tena. Jumatano nilipompelekea vijiti vya mazoezi ya kufungua mdomo, aliniandikia: "Profesa, watu wakinicheka, hiyo ni kazi yangu. Wakinihurumia, kazi imekwisha." Nikasoma mara mbili.

Sista Wanjiru naye alikuwa na lake. "Daktari, mdomo wa kidole kimoja, na mtu amelala dawa ya usingizi. Mpira wa kupumulia utapitia wapi? Sikioni?" Daktari alijibu kwamba wataupitisha puani, na kwamba ni kweli si jambo dogo, lakini akingoja mdomo ufunguke, ulimi utabaki umefungwa maisha yote. Msimwone mbaya. Alikuwa daktari mzuri aliyekuwa na haraka kwa ajili ya mgonjwa wake. Hao ndio wagumu kuzuia. Mvivu unaweza kumchelewesha na kikombe cha chai.

Alhamisi asubuhi Barasa aliletwa mlangoni mwa theta. Hajala tangu jana, amevaa gauni la kufungwa nyuma, ametia sahihi kwenye fomu ya kukubali. Nasimiyu ameketi kwenye benchi na chupa ya mchuzi wa kuku, wa baadaye, akiamka. Kazi yangu ilikuwa kusoma faili kwa mara ya mwisho: ndiye huyu, ndiyo operesheni hii, ndiyo sababu hii. Nikafungua. Mwandiko wa daktari wote ulikuwa Kiingereza, isipokuwa maneno mawili katikati ya ukurasa. "Barabara", kisha mshale, kisha "balabala".

Nikayaangalia hayo maneno mawili, na nywele zikanisimama, zile chache zilizobaki.

Nilikuwa nimewahi kuyaona! Si kuyasikia, kuyaona. Pale ngumbaru mwalimu wetu alitupa imla, akasoma kwa sauti, sisi tukaandika. Daftari langu lilirudi na alama tatu kwa ishirini na wino mwekundu kama ajali. Alikuwa amezungushia neno moja.

"Umeandika nini hapa?"

"Balabala, mwalimu."

"Ni barabara."

"Ndiyo, mwalimu. Hivyo hivyo nimesema. Balabala."

Tulibishana hivyo mpaka taa ikaanza kuisha mafuta. Mwishowe akachoka. "Basi wewe jifunze kwa macho. Masikio yako yako likizo." Nikajifunza kwa macho. Ndiyo sababu haya mnayoyasoma yameandikwa vizuri, na msinipe niyasome kwa sauti.

Kwa hivyo pale mlangoni nikaelewa. Siku ile sikio langu la Kanduyi lilinidanganya likatoa ushahidi. Jicho langu la ngumbaru ndilo lililosema kweli. Sisi wawili, Barasa na mimi, tuna ulimi mmoja, na wangu haujawahi kushonwa.

Nikamfuata daktari. Alikuwa anaosha mikono, povu mpaka kwenye kiwiko.

"Daktari, samahani. Hili si kovu."

"Ni nini?"

"Ni Bungoma."

Akanitazama. "Profesa, sikuelewi."

"Sisi kwetu R na L ni watoto wa mama mmoja, daktari. Ukimwita huyu anaitika yule. Huyu mtu amezaliwa nayo."

"Lakini nilikuuliza! Ukasema unasikia."

"Nilisikia kwa sikio la nyumbani. Nipe mimi ile sentensi."

Akanipa. Nikajikaza, nikaweka miguu sawa kama mtu anayebeba gunia, nikaitoa. Sijui kilichotoka, lakini daktari alifungua mfereji, akaufunga, akaufungua tena.

"Sista Wanjiru," akaita. "Tafadhali sema, lori la Rajabu limelala barabarani."

"Kwani limemzuia nani?" akasema Sista. Kisha akasema: "Rori ra Lajabu limerara balabalani. Haya. Nini mbaya na hiyo?"

"Sista! Na wewe ni wa Bungoma?"

"Mimi ni wa hapa Kitale. Watu wetu walitoka Nyeli."

Daktari alitoka mpaka kwenye benchi, mikono yake imeinuliwa mbele inadondosha maji. Nikamuuliza Nasimiyu, "Mama, mtoto wenu wa kwanza anaitwa nani?"

"Ririani."

Nikampa kalamu na nyuma ya fomu. "Andika."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba: Lilian.

Daktari akasoma. Akamwangalia Nasimiyu, akaniangalia mimi, akaangalia lile jina tena. Nikadhani tumeshinda. Lakini yule mtu hakuwa mjinga, na hapa ndipo nilipompenda. Akasema, "Sawa. Maneno nimeyakosea. Lakini ulimi niliuona kwa macho yangu. Nilimwambia autoe, haukutoka. Inaweza kuwa Bungoma na kovu, vyote viwili. Nikimwacha na kovu kwa sababu tumecheka, nitakuwa nimemlemaza mimi."

Alikuwa na haki. Tukamwambia Barasa atoe ulimi. Akajaribu, jasho likamtoka, ulimi ukafika kwenye meno ukasimama pale pale.

Nikafikiria. Wiki sita mtu huyu kila akisogeza ulimi ulikwaruzwa na waya. Ulimi ulikuwa umejifunza kuogopa lile lango. Ulimi wa namna hiyo ukiuamrisha, unakataa. Inabidi uutamanishe. Nikaiangalia chupa ya Nasimiyu.

Sista Wanjiru aliniona ninavyoangalia. Alinijua. Akaninong'oneza, "Profesa, ukimlambisha hicho kitu, hapasuliwi leo tena. Tumbo litakuwa limeanza kazi. Na kama umekosea, umemharibia huyu mtu siku, na ni wewe utaandika barua ya kujieleza."

"Nimesikia, Sista."

"Umesikia kwa sikio gani?"

Nikachukua kijiko. Nikafungua chupa, na harufu ya kuku wa kienyeji aliyechemka tangu alfajiri ikajaa ile korido mpaka mlinzi wa lango la mbele akauliza ni sherehe gani. Nikachovya ncha ya kijiko juu, kwenye mafuta, nikapaka tone moja kwenye masharubu ya Barasa.

Mtu wa Bungoma, ambako mlo bila kuku si mlo, wiki sita uji. Tone la mchuzi wa kuku liko upana wa kidole kutoka mdomoni.

Barasa aliangalia dari. Pua ikacheza. Meno yakaachana kidogo, na ulimi ukachungulia, ukagusa meno, ukarudi ndani. Nasimiyu alishika koleo kwa mikono miwili. Halafu ulimi ukatoka. Ukatoka mzima, ncha ikapanda juu ya mdomo, ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikafagia masharubu yote kama kinyonga aliyeona sherehe ya nzi.

"Subiri!" akasema daktari, ameshapiga magoti na tochi. "Paka tena. Juu zaidi."

Nikapaka. Ulimi ukapanda zaidi.

"Kushoto."

Ukaenda kushoto.

"Tena, mara ya mwisho."

Barasa akarudisha ulimi ndani, akamgeukia daktari. Kisha akasema, kwa mdomo wa kidole kimoja, ile sauti ikitoka kwenye ufa, "Daktari, na paja riko wapi?"

Sista Wanjiru alishika ukuta. Mimi nilicheka mpaka barakoa ikashuka shingoni. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya kushonwa walicheka wakishika vidonda. Barasa alituangalia mmoja mmoja, na machozi yakamtoka kwa jicho moja, halafu la pili. Yeye hakucheka, maana emsii hachekelei mzaha wake. Lakini nilimwona anahesabu waliocheka.

Daktari alichora mstari juu ya ile fomu, akaandika kwamba ulimi unatembea pande zote, upasuaji umefutwa. Mshale wake kwenye faili akauacha. Ila tangu siku hiyo, kabla hajampima mgonjwa yeyote matamshi, alikuwa anamwita kwanza ndugu yake aseme ile sentensi. Ndugu akisema rori, mgonjwa naye akisema rori, mambo ni mazuri. Aliniuliza siku moja, "Sasa Profesa, mtu wenu akiumia ulimi kweli, nitajuaje?" Nikamwambia, "Siku utamsikia mtu wa Kanduyi anasema barabara kama unavyosema wewe, usimuulize jina. Mlaze."

Kwa hivyo nyinyi wenye simu zenye majibu ya kila kitu, nawaomba: kabla ya kutengeneza kitu, ulizeni kilikuwaje kabla hakijavunjika. Ombeni picha ya harusi muone pua ilikuwa imeelekea wapi, maana wengine pua zao zilipinda tangu kwa babu, na ukiinyoosha mama yake hatamtambua. Ulizeni meno ya mbele yalikuwa yanakutana au yalikuwa yanasalimiana kwa mbali. Na mkiulizwa "unasikia?", msijibu kwa adabu. Ulizeni, "Nisikie nini?" Mimi adabu yangu ya neno moja ilikaribia kumpeleka mtu chini ya kisu.

Barasa alienda nyumbani na kifurushi cha vijiti vile bapa vya kukandamizia ulimi. Kazi ilikuwa kuviweka vingi pamoja katikati ya meno, kama vitabu, na kila siku mbili tatu kusukumiza kimoja zaidi katikati. Inauma. Nasimiyu alikuwa msimamizi, na naamini hakuwa na huruma. Waliporudi kliniki, Barasa alisimama mbele ya foleni nzima, akainua vidole vitatu juu wote wavione, akaviingiza mdomoni vyote. Foleni ikapiga makofi. Akaanza kuwatambulisha wagonjwa waliokaa kwenye benchi mmoja mmoja kama wageni wa heshima, ajali ya kila mtu na cheo chake, mpaka mlango wa daktari ukafunguka.

Daktari Shee alikuja akampa mkono. "Bwana Barasa," akasema, "nimekuwa nikitaka kukuomba radhi. Nilikusikia unazungumza, nikadhani kuna kitu kimeharibika mdomoni mwako."

"Hakuna shida, daktari," akasema Barasa, kwa ile sauti inayosikika Bungoma mjini. "Hata sisi tulipokusikia tulidhani hivyo hivyo. Rakini hatukukupasua."